Nani Hushinda: Chombo, Nahodha au Mjuzi wa Mkondo?

Wapenzi wa mbio za farasi wana ubishi wa miaka mingi ambao haujapata mwamuzi: farasi bingwa anaposhinda, ushindi ni wake kwa kiasi gani, na ni wa aliyempanda kwa kiasi gani? Wako wanaosema farasi ni tisa katika kumi na mpandaji ni moja. Wako wanaoapa kwamba farasi asiye na mkono mzuri juu yake ni nguvu iliyopotea bure. Rufiji na Kibiti ubishi huo hauwezi kuanza na farasi, maana mbung'o hawakumwachia mnyama huyo nafasi. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoteza maelfu ya farasi kwa ugonjwa wa nagana katika nchi hii yetu, na nyika za kuelekea Rufiji ziliwamaliza waliosalia. Swali lenyewe, hata hivyo, lipo huku tangu kale, kwa sababu delta ni nchi ya vyombo na kila chombo kina nahodha. Tena kati ya 1914 na 1915 delta hiyohiyo ilikuwa uwanja wa kisa ambacho kumbukumbu zake ni nyingi kiasi cha kutuwezesha kupima, badala ya kubishana kwa mapenzi tu. Nikikifuata kisa hicho naona kwamba swali huwa linaulizwa nusu. Uzito wa mpandaji haupimiki mpaka ujue anapita wapi. Penye njia nyeupe, chombo huamua karibu kila kitu. Penye njia iliyojificha anaamua anayeijua njia, na huyo mara nyingi siye tunayemwimbia sifa.

Tuanze na farasi wenyewe, maana ushahidi wao ni wa wazi. Frankel, farasi wa Uingereza, alikimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012 bila kushindwa hata mara moja, na mara zote 14 alipandwa na mtu mmoja, Tom Queally. Lakini Queally huyohuyo alipanda farasi wengine wengi katika miaka hiyo na alishindwa kama wanavyoshindwa wenzake. Red Rum naye alishinda mbio ndefu za Grand National mwaka 1973 na 1974 akiwa na Brian Fletcher, kisha akashinda tena mwaka 1977 akiwa na Tommy Stack: mpandaji alibadilika, farasi akabaki yuleyule, na kombe likaja vilevile. Mifano hii inawapa nguvu wanaosema farasi ndiye kila kitu, ila ina kasoro moja kubwa. Farasi wazuri hupewa wapandaji wazuri, na wapandaji wazuri huwakimbilia farasi wazuri, kwa hiyo tunapowakuta wote wawili kileleni hatujui nani amembeba nani. Pengine ndiyo maana watu wa fedha wameamua jambo hili kwa desturi badala ya hoja. Marekani, mpandaji wa farasi aliyeshinda kwa kawaida huchukua asilimia 10 ya fungu la mshindi. Katika majahazi ya pwani yetu na ya Ghuba nako mabaharia hawakuwa na mshahara wa mwezi. Faida ya safari iligawanywa kwa mafungu, nahodha akiwa na lake zaidi ya wengine, na chombo chenyewe kikiwa na fungu lake kama mtu. Wazee hao walikwisha kukiri kwamba mbao na tanga vinafanya kazi inayostahili malipo.

Jaribio lililo safi zaidi limefanyika Ghuba, kwa ngamia. Mwaka 2005, baada ya kilio cha muda mrefu juu ya watoto wadogo waliosafirishwa kutoka nchi maskini na kufungwa juu ya migongo ya ngamia wa mbio, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu zilisimama kidete kuwaondoa watoto hao uwanjani. Mahali pao pakawekwa roboti yenye uzito wa kilo chache, ina kijiti cha kuchapia na redio ya kumfikishia ngamia sauti ya mkufunzi wake anayefuata kwa gari pembeni mwa uwanja. Namshukuru Mungu kwamba watoto waliondolewa, na kwa hoja yetu hapa kuna jambo la pili la kutazama: mbio ziliendelea. Kazi yote iliyokuwa ikifanywa na yule mtoto kumbe ilikuwa kuwa mwepesi na kuchapa. Uwanja wa ngamia ni wazi na hauna la kuchagua. Ngamia hukimbia mpaka mwisho. Grand National ni habari nyingine, kwa sababu kuna vizuizi 30 vya kuruka, farasi wanabanana, mmoja akianguka mbele yako una pumzi moja ya kuamua upite wapi. Kadiri njia inavyokuwa na maamuzi mengi, ndivyo fungu la mpandaji linavyokua.

Sasa twende kwenye njia yenye maamuzi mengi kuliko zote katika pwani ya Tanzania. Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa leo iko Wilaya ya Kibiti, ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu wa namna hiyo mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki ulio mahali pamoja. Mto unapofika hapo hugawanyika mikono kwa mikono: Simba Uranga, Kikunja, Suninga, Kiomboni na mingine mingi, na kati ya mikono hiyo kuna vijito visivyohesabika. Mgeni akiingia kwa chombo huona ukuta mmoja wa kijani kila upande, mikoko na mikandaa iliyosimama juu ya mizizi yake, na kila pembe inafanana na ile aliyoipita. Maji yakijaa, mafungu ya mchanga na matope hayaonekani. Yakipwa, chombo kilichochelewa hupwelewa na kulalia ubavu. Wakati wa bamvua mtu anaweza kupita mahali ambapo siku za maji mafu hata mashua hugusa chini. Halafu njia hazikai. Fungu lililokuwa kushoto mwaka jana linaweza kuwa katikati mwaka huu, na baada ya mafuriko makubwa ya miaka ya 1970 mto wenyewe ulihamishia maji yake mengi kwenye mikono ya kaskazini. Katika nchi kama hii uhodari wa bahari kuu hausaidii sana. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliingia Rufiji kupakia boriti ndani ya chombo cha Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi, mtu aliyemsifu sana kwa kazi ya bahari. Na bado sehemu ya safari ile inayosomeka kuwa ya mateso kuliko zote ni hiyo ya matope ya delta.

Kisa tunachokitegemea ni cha Königsberg. Manowari hiyo ya Wajerumani iliwasili Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff, ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105 na mwendo wa zaidi ya noti 23. Usiku wa 31 Julai, vita ikiwa mlangoni, ilitoka bandarini na kuzikuta manowari tatu za Waingereza, Astraea, Hyacinth na Pegasus, zikiivizia. Looff alijificha ndani ya mvua iliyoanguka ghafla, akageuza, kisha akafungulia mvuke wote na kuziacha. Kuitumia mvua ile kulikuwa kazi ya nahodha, lakini nahodha mwenye akili zilezile angekuwa ndani ya Pegasus asingekwenda mbali. Tarehe 6 Agosti ilikamata meli ya biashara City of Winchester, iliyobeba chai, nje ya pwani ya Omani. Alfajiri ya 20 Septemba ilifika Unguja na kuikuta Pegasus imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus ilikuwa ya zamani na makombora yake yalianguka majini kabla ya kufika. Ya Königsberg yalifika. Watu zaidi ya 30 walikufa, na makaburi ya baadhi yao yako kisiwani Chapwani hadi leo. Hapo kwenye maji mapana, kila ushindi unaelezeka kwa vitu ambavyo mtu angeweza kuvisoma katika orodha ya vifaa: kasi, masafa ya mizinga, umri wa mitambo.

Anayetaka kumpa nahodha sifa zaidi huleta mfano wa Emden. Nayo ilikuwa na mizinga 10 ileile ya milimita 105, na mwendo wake ulikaribiana na wa Königsberg. Lakini chini ya Karl von Müller, katika Bahari ya Hindi hiyohiyo na miezi hiyohiyo, iliteka meli za biashara zaidi ya 20, na Königsberg moja. Inaonekana kama jibu limepatikana: vyombo vinavyofanana, manahodha wawili, matokeo mbali kama mbingu na nchi. Mimi siafiki. Emden ilifuatana na meli za kuibebea makaa na iliwinda kwenye njia zilizojaa meli; Königsberg iliwekwa kwenye njaa tangu mwanzo, maana Waingereza walinunua makaa yaliyokuwapo kwenye bandari za Wareno ili yasiifikie. Injini haikimbii kwa ushujaa wa nahodha. Na tarehe 9 Novemba 1914, Emden ilipokutana na Sydney ya Australia, meli kubwa zaidi yenye mizinga mizito zaidi, kipaji chote cha Müller hakikuiokoa. Siku ile chombo kizuri kilimshinda nahodha mzuri, na hakuna mtu aliyeshangaa.

Sura ya Rufiji ni tofauti kabisa, na hapo ndipo nawaomba wasomaji watulie. Baada ya Unguja, kifaa cha injini ya Königsberg kilivunjika, nayo ikaingia delta na kufichwa karibu na Salale. Waingereza hawakuitafuta huko haraka kwa sababu waliamini meli ya ukubwa ule, iliyozama majini zaidi ya meta 5, haiwezi kupita katika mikono ile. Wajerumani walijua inaweza, kwa kuwa meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imepima njia za delta kabla ya vita. Jambo lililoipa Königsberg karibu miezi 10 ya uhai lilikuwa karatasi yenye tarakimu za kina cha maji. Chatham ya Waingereza ilipoigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, baada ya hati zilizokamatwa Lindi kutaja Salale, nayo haikuwa meli ya kuzama sana kuliko Königsberg. Ilikuwa mpya kuliko hiyo, tena na mizinga mikubwa zaidi. Ikabaki nje. Ni kweli kwamba vichakani kulikuwa na mizinga na askari wa Kijerumani waliolinda midomo ya mto, na hilo peke yake lingemfanya nahodha yeyote asite. Lakini hata kabla ya kuifikia mizinga hiyo, Chatham haikuwa na mtu wa kuiambia igeuke wapi. Farasi bora alisimama mlangoni mwa uwanja kwa sababu aliyekuwa juu yake hakuijua njia.

Waingereza walielewa, na juhudi zao za miezi iliyofuata zilikuwa kununua ujuzi. Walileta ndege, ya kwanza ikirushwa na rubani wa kiraia, Cutler, Novemba 1914. Waliiteka Mafia Januari 1915 ili wapate kituo karibu. Walimtafuta Piet Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyeijua Rufiji kwa miguu, naye akiwa na wenyeji aliowaajiri alipenya usiku, akaiona meli ilipo, akapima mikondo na kufuatilia nyakati za maji kujaa na kupwa. Hapo ndipo zilipoagizwa kutoka Malta manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili na zilizozama chini ya meta 2 tu. Ukisimamia hapo utasema, basi, chombo kimeshinda tena: kilichokosekana kilikuwa meli ya kina kifupi. Hiki ndicho kipingamizi kikali kuliko vyote kwa hoja yangu, na bahati nzuri historia yenyewe imekijibu ndani ya siku 5.

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia mkono wa Kikunja na kuipiga Königsberg kutoka umbali wa kama kilomita 10, pasipo kuonana, msitu ukiwa katikati. Zilifyatua mamia ya makombora. Yaliyogonga yalikuwa machache mno, na Mersey ndiyo iliyoumizwa vibaya. Jioni zote mbili zikarudi baharini. Tarehe 11 Julai zilirudi. Vyombo vilevile, mizinga ileile ya inchi 6, manahodha walewale, Fullerton na Wilson. Kilichobadilika kilikuwa mpango wa jicho. Mara ya kwanza meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji aliyekuwa angani akashindwa kujua kombora lipi ni la nani, hivyo masahihisho yake yalimfikia asiyehusika. Mara ya pili zilipiga kwa zamu. Rubani Cull na mtazamaji wake Arnold walizunguka juu wakituma kwa redio kila kombora lilipoangukia, Severn ikasogeza shabaha hatua kwa hatua mpaka ikaipata. Ndege ikapigwa; huku ikishuka kwa injini iliyokufa, Arnold aliendelea kutuma masahihisho mpaka walipoangukia mtoni, na Mersey ikawaokoa. Kufikia alasiri Königsberg ilikuwa inawaka, na Looff, mwenyewe akiwa amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe kwa kichwa cha torpido. Mtu akinitafutia jaribio ambalo farasi na mpandaji wamebaki walewale na kitu cha tatu kikabadilishwa, sina bora kuliko hili. Kitu cha tatu kiligeuza kushindwa kuwa ushindi.

Kuna wanaosema kwamba ninamdhulumu Looff, kwa kuwa uamuzi wa kuingia delta ulikuwa wake, na kuutumia ujuzi wa mwingine nako ni ujuzi. Hili nalikubali kwa moyo mkunjufu. Nahodha anayejua asichokijua, akamsikiliza anayejua, ni nahodha mzuri; wapandaji wakubwa wa farasi nao husifiwa kwa kutomwingilia mnyama anapojua kazi yake. Lakini hoja hii inaimarisha ninachosema: ubora wa nahodha katika delta unapimwa kwa namna anavyojitiisha kwa mkondo na kwa watu wa mkondo. Wengine husema delta ni mahali pa pekee, kwa hiyo haiwezi kutufundisha juu ya mashindano mengine. Ingekuwa hivyo, tusingeikuta hekima hiyohiyo mahali pengine. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinapoeleza soko la Rhapta, kinasema wafanyabiashara wa Muza huko Yemeni walituma vyombo vyao chini ya manahodha Waarabu waliooana na wenyeji, walioijua pwani yote na kuielewa lugha yake. Profesa Felix Chami ameitafuta Rhapta hiyo upande wa Rufiji na Mafia, wengine wanaiweka kwingine. Mahali popote ilipokuwa, angalia sifa zilizotajwa. Hakuna nguvu wala ushujaa. Ni kujua, na kuwa na undugu na wanaojua.

Linaloniuma katika kisa hiki ni jinsi ujuzi huo ulivyoandikiwa majina. Looff anajulikana, na Pretorius, na Cull, na Königsberg ina vitabu vyake. Mizinga yake 10 iliopolewa mtoni na kuburutwa hadi nchi kavu, ikapigana tena pamoja na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, na mmoja umekaa Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, watalii wakipiga picha. Lakini sehemu za mitambo zilizovunjika zilikokotwa kwa mikono ya Waafrika kutoka Salale hadi karakana za Dar es Salaam, zikarudishwa vivyo hivyo, kupita njia za matope na mito isiyo na madaraja. Wenyeji waliomwongoza Pretorius usiku walimwonyesha vijito ambavyo yeye asingevipata kwa bunduki yake. Watu hawa, waliokuwa nusu ya maarifa ya pande zote mbili, wamebaki "wapagazi" na "wenyeji". Tukiendelea kuuliza swali kwa namna ya chombo ama nahodha, tutaendelea kuwapoteza, maana swali lenyewe halina nafasi ya kuwaweka.

Na swali halijazeeka. Nyamisati sasa ndiyo bandari ya kwenda Mafia, kuna gati na kivuko, na boti za injini zimeenea vijijini kuanzia Salale hadi Mbwera. Kila tukisikia chombo kimepata shida, mazungumzo hurudi palepale: boti mbovu, au nahodha mzembe? Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, hukagua vyombo na kutoa vyeti kwa wanaoviendesha, nami naona kazi hiyo ni ya lazima. Maboya ya kuokolea maisha hayana mbadala. Ila njia yenyewe iko mbioni kubadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa lolote huzuia udongo uliokuwa ukishuka kujenga na kubomoa mafungu ya delta. Mwaka 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti na kulaza mashamba majini. Hivyo anayejua delta ya miaka kumi iliyopita hajui delta yote ya leo, na ramani nayo huchakaa. Wanaoijua upya ni wale wanaopita kila siku: wavuvi wa kamba, wakata mikoko, akina mama wanaovusha mpunga kwa mitumbwi. Ningependa kuona mtahiniwa wa cheti cha kuendesha chombo ndani ya delta akiulizwa na watu wa Salale na Msala juu ya fungu gani limehama tangu masika, kabla hajaulizwa juu ya taa za meli. Na ningependa wamiliki wa boti wafanye kama walivyofanya wazee wa majahazi: wakitoa fungu la chombo na la nahodha, watoe na fungu la rubani wa kijiji anayeonyesha njia, kwa jina lake, kwenye daftari.